Kujidhibiti, Kujisimamia, Kujiongoza: Tahakiki ya Istilahi Moja ya Elimu ya Juu

Miongoni mwa istilahi wanazokutana nazo watafsiri wetu kila waletewapo andiko juu ya mafunzo ya vyuo vikuu kwa njia ya kompyuta, ni chache zilizofasiriwa kwa namna nyingi, na kwa uangalifu mdogo, kama ile ambayo Waingereza huiita 'self-regulation'. Mwandishi wa makala haya ameikuta ikiwa imevaa nguo saba: kujidhibiti, kujisimamia, kujitawala, kujiongoza, kujiendesha, kujirekebisha na kujiratibu. Si ajabu kuzikuta mbili au tatu katika ukurasa mmoja, kana kwamba mtafsiri alikuwa akibadilisha neno ili msomaji asichoke. Kubadilisha maneno ni pambo zuri katika hadithi. Katika istilahi ni kosa, kwa sababu msomaji makini akiona maneno mawili hudhani ameonyeshwa vitu viwili.

Nia yetu si kuwalaumu watafsiri kwa ujumla wao. Mwandishi mwenyewe ni mmoja wa waliokosea, na yafaa aanze na kosa lake.

Miaka kadhaa iliyopita aliombwa na chuo kimoja kutafsiri hojaji iliyokusudiwa kupima jinsi wanafunzi wanaosoma kwa njia ya mtandao wanavyoyaendesha masomo yao. Hojaji ililetwa kwa Kiingereza, nayo ilitakiwa kwa Kiswahili kwa sababu wanafunzi wengi walikuwa walimu wa shule za msingi waliokuwa kazini, ambao hufundisha kwa Kiswahili mchana kutwa na hufikiri kwa Kiswahili usiku. Muda ulikuwa siku nne. Ilipofika ile istilahi, mwandishi alifungua kumbukumbu zake za kazi, akaona kwamba katika sheria na nyaraka za Serikali neno 'regulation', linapokuwa tendo na si kanuni iliyoandikwa, hufasiriwa kwa 'udhibiti'. Tunayo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Tunayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanza mwaka 2019 baada ya ile ya Udhibiti Usafiri wa Nchi Kavu na Majini. Basi akaandika bila kusita: 'Ninajidhibiti ninapojifunza', na sentensi nyingine za namna hiyo.

Hojaji ilikwisha kupigwa chapa ndipo alipopata nafasi ya kuketi na wanafunzi watatu na kuwauliza wameelewa nini. Wa kwanza, mama wa makamo, alisema kwamba anaulizwa kama anaweza kuiacha simu asichungulie ujumbe wa ndugu na jamaa wakati wa kusoma. Wa pili alisema kwamba swali linahusu hasira, yaani kutomjibu mhadhiri vibaya hata anapochelewesha alama. Wa tatu, kijana, alicheka kwanza, kisha akasema kwamba hilo ni swali la walevi. Wote watatu walikuwa wamejipa alama za juu kabisa. Na kwa nini wasijipe? Ni nani atakayekiri kwa maandishi, mbele ya chuo chake, kwamba hajidhibiti?

Matokeo yalipokusanywa, taarifa ya chuo ilieleza kwamba uwezo wa wanafunzi kuyaendesha masomo yao wenyewe ni wa hali ya juu, na kikao kikaona hakuna haja ya kuendelea na saa zote za ushauri zilizokuwa zimetengwa kwa wanafunzi wa mbali. Zikapunguzwa. Mwandishi hadai kwamba neno lake peke yake ndilo lililopunguza saa hizo. Huenda na fedha zilikuwa haba. Lakini neno lile liliwapa wakubwa sababu, na sababu hiyo haikuwa ya kweli. Wanafunzi walikuwa wamejibu swali la nidhamu, taarifa ikasomwa kama jibu la swali la maarifa ya kujifunza.

Hebu tuitazame dhana yenyewe kabla ya kurudi kwenye maneno. Asili ya neno la Kiingereza ni Kilatini, nalo linahusiana na rula na kanuni. Lakini maana yake katika taaluma ya elimu imepitia pia kwa wahandisi wa mitambo. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini ya mvuke chombo cha kuzunguka kilichoufanya mwendo wake uwe sawa: injini ikienda mbio kupita kiasi chombo hupunguza mvuke, ikizubaa huongeza. Msomaji asiyeijua injini ya Watt anaijua pasi ya umeme. Ikipata moto uliowekwa hujikata, ikipoa hujiwasha tena, na mwenye kupiga pasi haishughulikii. Mwaka 1948 Norbert Wiener alitoa kitabu kilichoifanya mitambo ya jinsi hii kuwa somo linalojitegemea, na baadaye wanasaikolojia wakaiazima picha hiyo kueleza mwenendo wa binadamu. Yaliyomo katika picha ni manne: pana kiwango kinachotakiwa, pana kupima hali ilivyo, pana kulinganisha hali na kiwango, na pana kubadili kinachofanyika pindi tofauti ionekanapo. Likikosekana mojawapo, dhana haipo.

Waliomleta mwanafunzi katika picha hiyo ni wengi. Anayetajwa zaidi ni Barry Zimmerman wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ambaye katika maandishi yake ya mwaka 2000 aliigawa kazi ya mwanafunzi katika awamu tatu zinazozunguka. Kwanza, kabla ya kazi, mwanafunzi hujiwekea lengo na kuchagua njia. Pili, wakati wa kazi, hujiangalia anavyokwenda na kuikusanya akili yake mahali pamoja. Tatu, baada ya kazi, hujipima, hutafuta sababu ya kufaulu au kushindwa, na yale ayaonayo hapo huingia katika lengo linalofuata. Pasi ya umeme haijiwekei kiwango, huwekewa. Mwanafunzi anayesemwa hapa hujiwekea mwenyewe, na hiyo ndiyo tofauti kubwa baina ya mtu na pasi.

Sasa tuyapime maneno.

'Kujidhibiti' ni kujizuia. Anayedhibiti huweka kitu chini ya mamlaka kisitoroke wala kisizidi. Polisi hudhibiti uhalifu, mganga hudhibiti ugonjwa. Neno hili lina nguvu katika awamu ya pili tu, na huko nako hugusa kipande kimoja, yaani kutovutwa na mambo mengine. Halisemi lolote juu ya kujiwekea lengo, wala juu ya kujipima. Tena limebeba hukumu ya tabia: mtu asiyejidhibiti ni mtu mbaya. Kwa hiyo halifai kuulizwa mtu juu ya nafsi yake ikiwa tunatafuta ukweli.

'Kujisimamia' lina wapenzi wengi, hasa katika ofisi. Ni neno zuri, na laiti lingekuwa huru tungelichukua. Haliko huru. Mwanafunzi wa Kitanzania amemjua msimamizi tangu darasa la saba: ni yule anayepita baina ya madawati akitazama nani anachungulia karatasi ya mwenzake. Babu yake alimjua msimamizi wa shamba la mkonge. Katika sura zote mbili msimamizi hushughulika na kama kazi inafanyika na kama kuna udanganyifu. Hashughulikii kama mfanyaji anaelewa. Kujisimamia, basi, ni kuwa msimamizi wa mtihani wako mwenyewe.

Tatizo la pili la neno hili lapaswa kutazamwa kwa utulivu, kwa maana linahusu vyombo vyenyewe. Vyuo vingi vya Tanzania na Kenya hutumia programu ya kuwekea masomo, na iliyoenea sana ni Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Programu za aina hii zimepewa kwa Kiswahili jina la 'Mfumo wa Usimamizi wa Ujifunzaji'. Tazama basi sentensi ambayo mwandishi aliikuta katika mwongozo mmoja wa wanafunzi: kwamba mfumo wa usimamizi wa ujifunzaji utamwezesha mwanafunzi kujisimamia katika ujifunzaji wake. Ni nani anayemsimamia nani? Mfumo hurekodi mwanafunzi aliingia saa ngapi, alifungua ukurasa upi, aliwasilisha kazi kabla au baada ya siku ya mwisho, na mhadhiri huyaona yote. Huo ni usimamizi kweli, na msimamizi ni chuo. Mwanafunzi anayewasilisha kazi kila wiki kwa kuwa arifa imemlilia simuni hajajisimamia. Amesimamiwa na mashine kwa adabu. Kiingereza hutumia maneno mawili mbalimbali kwa mambo haya mawili, lakini Kiswahili chetu cha haraka kimeyatia katika chungu kimoja, na jambo ambalo msomaji angepaswa kuliuliza limetoweka.

Jina la programu, kwa maoni yetu, lingeweza kuwa 'programu ya kuendeshea masomo', nalo lingeeleweka hata kwa mhasibu wa chuo. Na 'ujifunzaji unaoegemea teknolojia', ambao siku hizi umejaa katika maandiko ya miradi, ungeachwa kwa wenye miradi. Walimu waseme 'kujifunza kwa kompyuta na simu', kama wasemavyo wanapozungumza. Hapa hatuoni haja ya kukaa zaidi.

'Kujitawala' ni neno la nchi, na lilipata utukufu wake katika mapambano ya uhuru. Kulishusha hadi kwenye ratiba ya kusoma sura ya nne kabla ya Ijumaa ni kulidhalilisha. 'Kujiendesha' limekwisha kuchukuliwa na mashirika yanayojilipia gharama zake, na sasa na magari yasiyo na dereva. 'Kujiratibu' halina kosa, ila halina uhai. Hatujamsikia mtu mzima akilitumia juu yake mwenyewe. 'Kujirekebisha' linagusa awamu ya tatu, lakini laleta harufu ya mfungwa aliyekaribia kutoka. Kwa awamu hiyo ya tatu lugha ilikuwa na neno bora zaidi siku zote, nalo ni 'kujirudi'. Mtu anayejirudi ametambua mwenyewe, bila kukamatwa, kwamba njia aliyoishika siyo, akageuka. Tulilitumia katika mambo ya tabia na dini. Hakuna sheria inayokataza kulitumia kwa mwanafunzi aliyegundua kwamba kukariri muhtasari hakumsaidii katika takwimu, akaanza kutenda mazoezi.

Limebaki 'kujiongoza'. Anayeongoza hujua waendako, huchagua njia, hutazama nyuma na mbele, na njia ikizibwa hugeuza msafara. Neno lina lengo ndani yake, na ndilo pekee katika saba lililo na lengo. Halina hukumu: kushindwa kujiongoza ni kupotea njia, na kupotea njia kila mtu hukiri bila haya. Mwandishi alipoandika upya zile sentensi kwa neno hili na kuwasomea wale wale watatu, yule mama alisema, 'Hapo sasa ndipo ninapokwama. Naanza kusoma bila kujua nataka nipate nini.' Hilo ndilo jibu ambalo hojaji ilikuwa ikilitafuta.

Yuko atakayesema kwamba tunapoteza wino, kwani maneno huzoeleka kwa kutumiwa, na mbona 'kishikwambi' lilichekwa likazoeleka. Ni kweli lilichekwa. Kisha ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi mikononi, na baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu; leo hata mtoto hulisema. Lakini hoja hii haihamishiki hapa. Kishikwambi ni kitu. Kingeitwa jina lolote, mtu angekishika, angekiwasha, na kitu chenyewe kingemfundisha maana ya jina. Vivyo hivyo Wakenya wameweza kuandika 'tarakilishi' na 'kompyuta' bega kwa bega, na hakuna aliyepotea, maana chombo kipo mezani. Dhana isiyoonekana haina chombo mezani. Msomaji hana pa kuipata ila ndani ya neno alilopewa, na akipewa neno la kizuizi atajenga kichwani dhana ya kizuizi, na ataitumia hivyo miaka yote bila kujua kuwa amekosea. Ndiyo maana twaona kwamba istilahi za dhana zastahili muda mrefu zaidi mezani petu kuliko istilahi za vyombo. Na mara nyingi hali imekuwa kinyume.

Pana jambo la ndani zaidi ambalo watafsiri hawakulitazama, nalo ni kiambishi 'ji' chenyewe. Mwingereza anapotaka kusema mwanafunzi anayejiendeshea kujifunza hana budi kuongeza neno la nafsi, kwa sababu kitenzi chake cha kujifunza hakina nafsi ndani yake. Chetu kinayo. 'Kujifunza' ni kujipa funzo mwenyewe. Mfunzaji na mfunzwaji ni mtu mmoja. Vivyo hivyo 'kujisomea', ambalo mwanafunzi wa bweni hulitumia kila jioni, lina nafsi mara mbili: anajisoma-e-a, kwa faida yake, kwa mpango wake, bila mwalimu kuwapo. Kiswahili, kwa hiyo, kilikuwa na nusu ya dhana hii kabla ya wanasaikolojia. Kinachosikitisha ni kwamba mazoea ya darasani yameikausha 'ji' hiyo. Tukisema 'wanafunzi wanajifunza historia' tunamaanisha kwamba wamekaa na mwalimu anazungumza. Na tulipounda 'ujifunzaji' ili kulingana na 'ufundishaji', tuliikausha zaidi, maana jina lile la dhana halina mtu ndani yake. Ushauri wetu kwa waandishi ni watumie kitenzi kila iwezekanapo. 'Wanafunzi hujifunzaje' ni swali. 'Hali ya ujifunzaji' ni safu katika jedwali.

Kiambishi hicho kina hatari yake pia. Kwa kuwa 'ji' huonyesha nafsi, watafsiri kadhaa wamepiga hatua moja mbele na kuandika kwamba mwanafunzi wa namna hii 'hujitegemea', na hata kwamba 'husoma peke yake bila kumtegemea mtu'. Dhana haisemi hivyo. Katika hojaji ya Paul Pintrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, iliyotolewa mwaka 1991 ikiwa na vipengele 81, kutafuta msaada na kujifunza pamoja na wenzako ni miongoni mwa mambo yanayopimwa, na huhesabiwa kuwa nguvu. Mwanafunzi ajuaye ni lini amekwama na ni nani wa kumwuliza anajiongoza vizuri kuliko yule anayekesha na kosa lile lile kwa kuona haya. Hata kujitegemea kwenyewe, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kila mwanafunzi kona yake.

Wala jambo hili si geni kwetu. Vyombo vya teknolojia vilifundisha watu wazima wa nchi hii kabla ya kompyuta. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio haikumsemesha mtu mmoja mmoja jikoni kwake. Palikuwa na kikundi, kitabu, na kiongozi wa kikundi aliyepata mafunzo mafupi. Kipindi kikiisha watu walijadili, wakaamua nini kifanyike kijijini, kama kuchimba vyoo au kufyeka majani, na wiki iliyofuata wakaulizana kimefanyika kiasi gani. Lengo, kipimo, kulinganisha, kugeuza: yote manne yalikuwapo, ila mwenye kuyafanya alikuwa kikundi. Tunapoisoma leo taarifa ya mwaka wa kwanza wa masomo ya wazi ya vyuo vya Harvard na MIT, yaliyoanza mwaka 2012, kwamba katika maandikisho 841,687 ya masomo 17 vilitolewa vyeti 43,196 tu, yaani kama vitano katika kila mia, hatuna budi kujiuliza. Yaelekea wengi miongoni mwa walioandikishwa hawakukusudia kumaliza; walikuja kuchungulia. Lakini hata tukiwaondoa hao, wamebaki wengi waliopewa chombo bora kuliko redio na hawakupewa kikundi.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Tanzania vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni, wanafunzi walirudi kwao na simu zao. Waliokuwa na kifurushi waliunda makundi ya kukumbushana; wasiokuwa nacho walingoja. Mwanafunzi asiye na fedha ya kifurushi hawezi kuandikwa kwamba hajiongozi. Hili ni jambo la uchumi na si la istilahi, lakini tumelitaja kwa sababu kujidhibiti na kujisimamia hulificha kwa urahisi: ukiambiwa mtu hakujisimamia hutauliza alikuwa na nini mkononi. Ukiambiwa hakuweza kujiongoza, utauliza njia ilikuwaje.

Wataalamu wenyewe wameliona pengo hili. Tangu mwaka 2011, katika kazi za Allyson Hadwin, Sanna Järvelä na wenzao, wametofautisha hali tatu: mtu kujiongoza, mtu kuongozwa kwa muda na mwenzake, na kikundi kushirikiana katika uongozi wa kazi moja. Kiingereza hueleza tofauti hizo kwa kurundika maneno mbele ya neno. Kiswahili kina viambishi: kujiongoza, kuongozwa, kuongozana. Kwa sababu hiyo pia twaona kwamba kitenzi 'ongoza' kinafaa zaidi ya 'dhibiti', maana 'kudhibitiana' ni kuviziana.

Maneno mawili ya jirani twayataja upesi. 'Ufanisi binafsi' limetumiwa kwa dhana ya Albert Bandura ya mwaka 1977, nalo ni kosa la wazi: Bandura hakusema juu ya ufanisi alionao mtu bali juu ya anavyoamini kwamba ataweza kazi fulani, na mtu aweza kuwa na kimoja bila kingine. 'Imani ya kuweza' lingetosha. Pili ni 'motisha'. Katika barua za ofisi motisha ni fedha, au safari, au cheti siku ya Mei Mosi. Mwanafunzi akiulizwa 'una motisha gani katika somo hili?' hujibu kwamba bado hajalipwa. Tumelisikia jibu hilo kwa masikio yetu, wala halikuwa mzaha. Katika hojaji ni afadhali kuuliza: 'Ni nini kinachokusukuma kusoma somo hili?'

Tunapendekeza, basi, 'kujiongoza kimasomo' iwe istilahi ya dhana nzima. 'Kujirudi' itumike kwa kile kipande cha awamu ya tatu ambapo mwanafunzi hubadili njia baada ya kujipima. Na 'kujidhibiti' ibaki kwa kipande cha kuzuia vishawishi wakati wa kazi, ambako ni halali yake. Jina la mtendaji tungeliacha katika kitenzi, 'mwanafunzi anayejiongoza', kwani 'mjiongozaji' halitamkiki bila kutabasamu.

Juu ya 'kuongozana' hatuna uhakika wa kutosha. Magazeti yamelizoeza kwa maana ya kufuatana: Waziri aliwasili akiongozana na Mkuu wa Mkoa. Tulipoliweka katika sentensi ya majaribio, 'Katika kikundi chetu huongozana katika kazi', yule kijana aliuliza, 'Kuongozana kwenda wapi?' Tulijaribu 'kurekebishana', likaonekana la ugomvi. Tukajaribu 'kukumbushana', likawa dogo kuliko dhana. Walimu wanaofundisha kwa vikundi, hasa walioko vituo vya mikoani, huenda wanalo neno ambalo wanafunzi wao hulitumia tayari. Wenye nalo na walilete kwa mhariri kabla ya toleo lijalo, pamoja na sentensi mbili au tatu walizozisikia likitumiwa, na mahali walipozisikia.